Alama Kumi na Nane za Bibi Nimpaye

Mniwie radhi kabla sijaanza, maana hii nitaisimulia vibaya. Mimi ni mtu wa jukwaani. Jukwaani ukikwama unaangusha kiti, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Hapa hakuna kiti. Tena hadithi yenyewe ina tabia mbaya: inachekesha mahali pasipofaa, na inanyamaza pale nilipopanga mcheke. Nitaifuata inakokwenda, malalamiko mtaniletea baadaye.

Ilianza Jumanne, saa nne asubuhi, jua linawaka na watu wazima wamekunywa chai. Ninasema hivyo ili msije mkaniambia ni mambo ya gizani.

Kwenye chuo kimoja kidogo juu ya kilima cha mji wa Ngara, chuo wanachosomea wahudumu wasaidizi wa afya, kulikuwa na sanamu ya mazoezi: mwanamke wa plastiki, ukubwa wa mtu mzima, uzito wa kilo kumi na mbili, nywele za kupakwa rangi, macho yasiyofumba. Wanafunzi walimwita Bibi Plastiki. Kwake ndiko walikojifunzia kuogesha mgonjwa asiyejiweza, kumbadilishia shuka bila kumwangusha, na kumgeuza ubavu. Mwalimu Adventina, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kengele, alikuwa na sheria asiyoilegeza.

"Hugusi mtu kabla hujamsalimia," alikuwa akisema. "Hata kama hajibu. Hata kama ni plastiki. Shikamoo kwanza, mikono baadaye."

Sasa katika darasa hilo la vijana alikuwemo Fideli Niragira, mtu wa miaka arobaini na sita. Zamani alikuwa mshereheshaji wa harusi, anajulikana kuanzia Mugoma hadi Nyakahura, mtu wa kumchekesha bibi harusi mpaka wanja unashuka kwenye mashavu. Kila mwanafunzi alipomwinamia Bibi Plastiki na kusema shikamoo, Fideli alikuwa nyuma ya pazia, anajibu kwa sauti ya bibi kizee: "Marahaaaba, mwanangu. Mikono baridi hivyo, umeitoa mtoni?" Darasa chini! Hata Mwalimu Adventina aliuma mdomo.

Jumanne hiyo ikawa zamu ya Fideli mwenyewe. Akasogea kitandani, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Darasa likalipuka. "Kaongea midomo imefunga!" "Huyu mzee anaongea kwa tumbo!" Wakapiga makofi. Fideli akainua mkono kuyapokea, maana ndiyo kazi aliyoizoea, ila macho yake yakaenda kwenye pazia. Midomo yake ilikuwa imefunga kwa sababu hakuwa amesema kitu. Na nyuma ya pazia hapakuwa na mtu.

Mmoja tu hakucheka. Ni Kwandu, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Nyakahura na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwa amekaa nyuma, daftari kifuani, anamtazama Fideli. Kwandu hakuwahi kuicheka sauti ile tangu ianze, kwa sababu alijua Fideli hakuitunga. Aliiokota wodini.

Wiki tatu nyuma walikuwa wamepelekwa kwenye mazoezi ya vitendo, kituo cha afya kimoja upande wa Biharamulo. Kitanda cha mwisho alilala Bibi Nimpaye, amepooza upande mmoja, hana ndugu wa kumkalia. Mgonjwa wa namna hiyo asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, nyama ya mgongoni inaoza akiwa hai. Kwa hiyo miguuni pa kitanda huning'inizwa chati: unamgeuza, unaweka alama. Saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Kitanda hicho kwenye ratiba kilikuwa cha Kwandu, lakini kila mchana wiki hiyo aliitwa kusaidia chumba cha chanjo.

"Nenda, mwanangu," Fideli alimwambia. "Nitakugeuzia."

Na kweli alikuwepo wodini. Alikaa katikati akisimulia vichekesho, wagonjwa wakashika matumbo, wauguzi wakasema hawajawahi kupata mwanafunzi kama huyu. Kutoka kitanda cha mwisho bibi alikuwa akiita ageuzwe, kwa sauti nyembamba, ile ambayo baadaye Fideli aliigeza nyuma ya pazia. Fideli akamjibu bila kugeuka: "Subiri, bibi, nimalize hiki kimoja, ni kitamu." Jioni kabla ya kutoka alipita miguuni pa kitanda, akaweka alama tatu kwa mkupuo. Siku sita, alama kumi na nane. Jumapili bibi akafa, na walipomgeuza kumwosha ndipo walipoona.

Chuo kiliuliza. Kwandu akasema Fideli ndiye aliyekuwa akigeuza. Fideli, macho yote kwake, akasema, "Mimi? Mimi nageuza chapati tu, na hizo zinaungua." Watu wakacheka, swali likapita, likabaki mabegani kwa binti. Ijumaa, siku tatu baada ya Jumanne ile, kamati ya nidhamu ingekaa. Kwandu angefukuzwa, na mtu aliyefukuzwa chuo kwa kuacha mgonjwa aoze hapati tena wodi popote.

Jumatano mvua ilinyesha mchana kutwa. Fideli akatumwa kutoa mashuka machafu chumba cha mazoezi. Alipofungua mlango, pua ndiyo iliyomwambia kwanza. Ilikuwa harufu anayoijua, ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko, imechanganyika na dawa ya kusafishia vidonda. Bibi Plastiki, aliyekuwa ameachwa chali, alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Nani amemgeuza huyu?" Fideli akauliza chumba kitupu, akijaribu kucheka.

"Hakuna," sauti ikasema. "Ndiyo maana nimejaribu mwenyewe."

Fideli alitaka kukimbia, lakini mikono, ile mikono iliyofundishwa mwaka mzima nini cha kufanya ukisikia mgonjwa anaita, ikaenda yenyewe, mmoja begani mmoja nyongani, ikavuta, na sanamu ya kilo kumi na mbili haikusogea, ilikuwa nzito kama mtu mzima aliyekata tamaa, na chini ya kiganja chake plastiki ilikuwa na joto, na imelainika, na kidole chake cha mwisho kikazama mahali ambapo hapakupaswa kuwa na shimo.

"Hukunisalimia," sauti ikanong'ona.

"Shikamoo, bibi," alisema Fideli, machozi yakimtoka.

"Marahaba. Maliza kile kitamu, mwanangu. Nasubiri."

Jioni vijana tayari walikuwa wanasema chumba cha mazoezi kina jini. Fideli akalishika neno hilo kama mtu anayeshika mti kwenye mafuriko. Jini! Jini ni afadhali. Jini halina habari na chati. Ila kuna kitu hakumwambia mtu: tangu asubuhi hakuweza kukaa vizuri. Juu ya makalio paliwasha, halafu pakauma, halafu pakawa na unyevu. Akawa anakaa upande mmoja kama abiria wa bodaboda aliyevaa gauni.

Alhamisi alfajiri akapanda gari la Nyakahura. Kule, nyuma ya soko la barabarani, aliishi mganga wa Kisukuma, mama mmoja mnene aitwaye Mhoja, anayesemekana kuondoa majini hata ya kutumwa. Alimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jini lako linataka nini?"

"Hujaniuliza hata jina, mama!"

"Jina lako litanisaidia nini? Jini ndilo lenye shida. Mengine yanataka mbuzi, mengine kitambaa chekundu, mengine marashi. Lako linataka nini?"

Fideli akashusha sauti. "Linataka ligeuzwe."

Mhoja akaacha maharage. "Basi ligeuze. Umepanda gari kote huko kuja kuniuliza hilo?"

"Nimejaribu. Halisogei."

"Uligeuza nini?"

"Sanamu."

"Sanamu ndiyo inayokudai?"

Fideli akaokota punje moja ya maharage, akaigeuza vidoleni. Yule mama akamtazama sana, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, kwa uso wa mtu anayeona mgeni wa pili. Akasogeza ungo wake pembeni.

"Mimi nafukuza kinachoingia kwa watu bila haki," akasema polepole. "Huyo mbona anayo? Nenda naye, baba. Na usimwache asimame sana, amechoka."

Njia nzima ya kurudi, siti ya pembeni yake haikukaliwa na mtu, ingawa gari lilijaa hadi wengine wakasimama. Kila aliyetaka kukaa alivuta pumzi, akasita, akasema, "Hapana, asante, nashuka karibu." Na Fideli akajua kwamba si siti wanayoinusa.

Jioni Kwandu alimkuta amesimama nje ya bweni, ameegemea ukuta kwa bega.

"Shikamoo, baba." Hakuwahi kumnyima salamu, hata baada ya yote.

"Kwandu, mwanangu…" Neno likafika kooni, na kile kilichozoea kutoka kikatoka kwanza. "Mbona umenuna kama umekula ndimu ya mkopo?"

Binti hakukasirika. "Kesho wakinifukuza," alisema kwa sauti ya chini, "baba yangu hatauliza nilifanya nini. Atauliza tu bibi wa watu alikufa vipi. Nimwambie nini?"

Akaondoka. Nyuma ya Fideli, karibu sana na sikio, mtu akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha ubaya, kilikuwa cha mtu aliyechoka anayecheka ili asionekane msumbufu.

Ijumaa saa tatu kamati ilikaa chumba cha mazoezi, kwa sababu ukumbi ulikuwa unavuja. Mkuu wa chuo, Mwalimu Pancras, katikati. Mwalimu Adventina kulia kwake na ile chati mbele yake. Kwandu mbele yao kwenye kigoda. Wawakilishi wa wanafunzi ukutani. Bibi Plastiki kitandani, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Mwalimu Pancras alikuwa ameshafika kwenye maneno "kwa masikitiko makubwa" Fideli alipoingia bila kubisha.

"Siyo yeye," alisema. "Ni mimi. Alama zote kumi na nane. Sikumgeuza hata mara moja."

Mwanafunzi mmoja ukutani akaguna, wa pili akapasuka, na kicheko kikazunguka chumba. Namna alivyosimama, amejipinda, mkono kiunoni, jasho likimtiririka! Walishamwona akiigiza mlevi, akiigiza padri, akiigiza mama mkwe. Hii nayo ilikuwa kali.

"Nasema kweli! Alikuwa ananiita!"

Wakazidi. Mwalimu Pancras mwenyewe alivua miwani, akapangusa macho. "Mzee Fideli, una moyo mzuri kutaka kumwokoa mwenzio. Lakini leo si siku ya michezo. Tafadhali, toka."

Fideli akatazama huku na huku. Miaka ishirini alikuwa amewafundisha watu kwamba kila kinachotoka kinywani mwake ni mzaha, na wamehitimu wote. Basi akageuka, akawapa mgongo, akapandisha shati, akashusha mkanda wa suruali mpaka chini ya kiuno. Kicheko kikapanda juu zaidi, kikafika dari, halafu kikakatika kipande kimoja kimoja, kutoka kwa waliokuwa karibu hadi kwa waliokuwa mbali, kwa sababu harufu ilikuwa inatembea kwa mpangilio huo huo, na kwa sababu pale juu ya makalio ya mtu aliyetembea na miguu yake miwili kuingia chumbani palikuwa na shimo la kuingiza ngumi, jeusi pembeni, na ndani yake, katikati ya wekundu, palikuwa na kitu cheupe ambacho Mwalimu Adventina alikitambua kabla ya wengine, akasimama, kiti kikaanguka, na hakuna aliyecheka.

"Hicho ni kidonda cha kulala," alinong'ona. "Cha wiki tatu. Fideli, wewe ulilala wapi?"

"Kitanda cha mwisho," akajibu Fideli, akaanguka.

Ni Kwandu aliyemfikia kwanza. Walimtoa Bibi Plastiki kitandani kwa mkono mmoja, mwepesi kama kikapu kitupu, wakamlaza Fideli mahali pake.

Yako mengine ningeweza kuwaambia, kwa mfano kwamba kamati ilichana barua ya kumfukuza Kwandu siku hiyo hiyo, au kwamba madaktari walipima sukari, damu, kila kitu, wakakuta mwili wa mtu mzima mwenye afya na kidonda kisicho na sababu. Kwandu alimaliza mafunzo, akapangiwa wodi ile ile alimolazwa Fideli. Kila baada ya saa mbili anakuja, anasalimia, anaomba ruhusa, anageuza, ndipo anaweka alama. Kidonda kinajaa kidogo, kisha kinarudi. Sauti haijasikika tena, ila wagonjwa wa kitanda jirani wanaomba kuhamishwa.

Siku yake ya kwanza kazini Kwandu alikuja na fomu ya kidonda, akavuta kiti.

"Baba, hapa wameandika: chanzo cha kidonda. Niandike nini?"

"Andika, uzembe wa mhudumu."

Kwandu akaandika. "Na hapa chini wanataka jina la mhudumu."

Fideli, uso ukutani, akafikiri kidogo.

"Juu hapo, kwenye jina la mgonjwa, umeandikaje?"

"Fideli Niragira."

"Basi usijisumbue, mwanangu. Nakili."