Robota Zenye Alama ya JS

"Robota za kaka yako zimeshushwa," Shedrack aliniambia. "Kundi limekataa kuchanganya naye mizigo."

Tulikuwa kwenye stoo ya kupakilia, Xintang, huku China, mlango wa kontena uko wazi. Watu saba tunachangia kontena moja la jinzi za kupeleka Dar. Robota zangu na za Shedrack, mchumba wangu, zilikuwa na alama moja ya maka peni: JS, yaani Judica na Shedrack. Kwetu wafanyabiashara, msichana akichanganya alama na mwanaume, watu wanaanza kushona sare za harusi. Yetu ilikuwa Desemba, Moshi. Robota kumi na moja za kaka yangu Bartholomeo zilikuwa zimerundikwa nje juani.

"Kwa sababu gani?"

Akanipa simu. Kwenye kundi la WeChat la wafanyabiashara wote wa kwetu walio huku, mwenzetu Rodgers alikuwa ameandika: "Wapendwa, nimethibitishiwa na mtu wa karibu na familia. Bartholomeo anapenda wanaume wenzake. Tusichanganye mizigo, ni mkosi. Vijana wakae naye mbali."

Nilisoma mara mbili. Siri ile kaka aliniambia mimi peke yangu. Na mimi nilimwambia mtu mmoja tu.

"Shedrack, ni wewe."

"Nilimwambia Rodgers tu, ili tumwombee."

"Mmemwombea kwa watu mia mbili na kumi?"

"Usinigeuzie kibao. Nimelala naye chumba kimoja cha kupanga pale Xiaobei miaka mitatu. Nilikuwa nabadilisha nguo mbele yake."

"Alikugusa?"

"Hapana."

"Alikutongoza?"

"Hapana."

"Ulipolazwa na nimonia, nani alikuletea uji wiki mbili?"

Akaangalia pembeni. "Yeye."

"Uji ulikuambukiza nini?"

Nikadhani yamemwingia. Wapi.

"Judica, fikiria watoto wetu. Haya mambo yako kwenye damu. Au ni huku China ndiko kumemharibu."

"Shika moja. Ni damu au ni China?"

"Vyovyote. Atubu, aoe, mambo yaishe."

"Amuoe dada yako Sarah?"

"Sarah? Hapana bwana, kwa nini umtese Sarah?"

"Kumbe unajua ni mateso. Ila kwa binti wa mtu mwingine ni sawa."

Naapa nilichoka. Mtu ninayempenda, msomi, mwimba kwaya, nazungumza naye kama nauliza bei kwenye duka lililofungwa. Laoban, yule bosi Mchina wa stoo, akaja kutuonyesha saa yake, anataka afunge kontena.

Shedrack akanishika mkono, sauti ikashuka.

"Mpenzi, andika mstari mmoja tu kwenye kundi. Sema humtambui. Baba yangu akisikia familia yenu iko hivyo, harusi hakuna. Mstari mmoja, Judica. Ukirudi nyumbani mtayamaliza kimyakimya."

Nilitoka nje nikampigia Bartholomeo, aliyekuwa upande wa pili wa barabara anatafuta gari la kubebea mzigo.

"Kaka, wanataka niandike kwamba sikutambui."

"Andika tu, mdogo wangu. Usikose ndoa kwa ajili yangu. Mimi nitatafuta kontena lingine."

"Aliyemwambia Shedrack ni mimi."



"Nilijua," akasema. "Nilikuambia wewe tu."

Nililia pale barabarani, sikujali nani ananiona. Nilipopata sauti nikamuuliza, "Niandike nini? Safari hii sema wewe."

"Siri imeshatoka. Andika kweli."

Nikaandika: "Bartholomeo ni kaka yangu, tumbo moja. Hajaambukiza mtu, hajamdhuru mtu, na mizigo yenu ameipakia miaka mitatu bila mkosi wowote. Aliyekosa ni mimi, niliyetoa siri yake kwa mchumba nisiyemjua."

Shedrack aliusoma ujumbe akiwa mlangoni mwa kontena.

"Umefanya nini, Judica? Ufute."

"Siufuti."

"Unaacha ndoa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo?"

"Namna hiyo ndiyo ulikuwa unaiita shemeji ukiwa na njaa."

Nikawaonyesha wapakiaji robota zangu tisa, zikashushwa moja moja. Nikachukua maka peni nikakata S kwenye kila robota. Shedrack aliniangalia hadi ya tisa, kisha akaingia ndani.

Simu ikalia. Ujumbe wa Albina, mama wa Mwanza tunayechangia naye kontena: "Mimi haya mambo siyaelewi vizuri, mwanangu, lakini Bartholomeo namfahamu. Zangu nne zishushwe pia."

Bartholomeo alivuka barabara akasimama mbele yangu. Hakunikumbatia.

"Siku nyingine, siri yangu ukitaka kuitoa, uniulize kwanza."

"Nimekukosea, kaka. Nisamehe."

Aliangalia zile S zilizokatwa, moja baada ya nyingine. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo maka peni."

Akaandika B pembeni ya J.