Mbu Kwenye Picha ya Adinani

Kila asubuhi, akimaliza kufagia ua, Zuwena aliazima simu ya mama yake akaenda kuwatafuta mbu nyuma ya mtungi. Mwalimu Apolinaria wa klabu ya afya alitaka kila mwanafunzi apeleke picha za mbu na kuwatambua.

"Wa malaria akitua ukutani huinamisha kichwa na kuinua mkia, kama mtu aliyesujudu," aliwafundisha. "Wengine hulala bapa."

Asubuhi hiyo Zuwena alimwona mmoja amesujudu hasa. Akabonyeza. Simu ikakataa: nafasi imejaa.

"Mama, nifute zipi?"

"Zozote. Za Adinani usiziguse," mama alijibu, akigeuza vitumbua.

Adinani, mdogo wake wa miaka mitatu, alifariki mvua zilizopita. Zuwena alifungua picha yake moja tu. Aliipiga mwenyewe, mtoto akiwa amelala mdomo wazi, ili wamtumie baba aliyekuwa Bukene akinunua mpunga. Ukutani, juu ya mto, palikuwa na kidoa cheusi. Akaikuza picha. Mbu. Mkia juu.

Akakumbuka. Siku ile alikifunga chandarua fundo juu ili picha itoke vizuri. Usiku ule hakukishusha, wala siku zilizofuata. Homa ilipoanza, mama alimuuliza kuhusu chandarua, naye akajibu, "Nakishusha kila siku." Mama akadhani ni mafua. Walipofika hospitali siku ya tatu, maji yalikuwa yamezidi unga.

Zuwena alimpelekea mama simu, akamweleza yote kwa kwikwi.

Vitumbua viliungua. Tangu msiba, kila Adinani alipotajwa, mama alisema tu, "Kazi ya Mungu," akageuza uso. Leo hakuugeuza.

"Ulinidanganya, Zuwena. Kosa likisemwa mapema hutibika, likifichwa huua."

"Ndiyo, mama."

"Picha hii mpelekee mwalimu. Wenzako waione."

Mama akaepua kikaango, akamvuta bintiye kifuani.

"Lakini mtu mzima nilikuwa mimi. Mtoto akipata homa hupimwa siku ileile, chandarua kishushwe kisishushwe. Mimi sikumpeleka. Nilipokuwa nikikugeuzia uso, si kwamba nilikuchukia. Nilikuwa naona haya mbele yako. Nimeshakusamehe. Na wewe nisamehe, mwanangu."