Kikombe cha Admirali Stroud

Simu ililia mfukoni mwa Admirali Everett Stroud akiwa anapanda ngazi ya manowari Merrick, bandarini Norfolk.

"Samaki ni mmoja," ilisema sauti. "Amevaa uchifu."

"Jina?"

"Hatuna."

"Sasa nyie kazi yenu nini?"

Ikakatika.

Magoti yalimuuma. Leo alikuwa anastaafu. Nusu ya maisha yake alivaa nyota mabegani na ujasusi chini ya shati, na wakubwa wameshindwa kumwachia hata asubuhi ya kuagwa.

Mchana Merrick ingeng'oa nanga. Huyo samaki, jasusi aliyejifanya chifu, yaani baharia mkongwe msimamizi wa wenzake, alikuwa na kifaa cha kutoa ishara, kidogo kama kifungo. Akikificha melini, adui ataifuata Merrick hadi bahari kuu na kuitwanga kombora, na watoto wa watu wote waliomo.

Aliingia chumba cha kahawa. Machifu walijaa, vitambi vya heshima. Akanyoosha mkono kwenye msumari wa ukutani, akatwaa kikombe chake kilichotundikwa hapo.

Kiling'aa.

Kikombe kile hakikuguswa na sabuni tangu Stroud akiwa luteni. Ndani kulikuwa na utando mweusi wa kahawa ya Panama, juu yake wa Bahrain, juu yake wa Guam. Mwanamaji aliyeiva haoshi kikombe cha kahawa. Afadhali umtukanie mama yake.

"Nani kaosha?"

"Mimi, Afande," alijibu Chifu Dobbs, mgeni wa wiki hiyo, meno yote nje. "Kilinuka kama soksi ya marehemu."

Chifu mmoja mzee akashika kifua.

"Dobbs, una miaka mingapi majini?"

"Ishirini, Afande."

"Muongo we."

Dobbs akachomoa bastola ya Sig Sauer.

Stroud akammwagia birika zima la kahawa mkononi. Bastola ikaanguka. Dobbs akatimua mbio.

Stroud hakumfukuza. Kwa magoti yapi? Akainua redio.

"Ngazini! Anashuka Dobbs. Mpigieni filimbi ya kuaga."

Pale ngazini mabaharia walikuwa wamejipanga safu mbili kumuaga Admirali. Filimbi ikalia. Dobbs akaingia katikati.

Safu zikafungana, zikambana katikati.

Kifaa walikikuta kwenye soksi yake.

Filimbi ikalia tena, safari hii kwa mwenyewe. Stroud akapita katikati ya saluti, kikombe mkononi, bila kugeuka. Nyuma yake Merrick ikaanza kufungua kamba.

Mkewe, Lurleen, alimsubiri garini. Akakitazama kikombe.

"Nani kakiosha?"

"Jasusi."

"Wamemkamata?"

"Wamemkamata."

"Masikini," akasema Lurleen, akiwasha gari. "Lakini kaosha vizuri."