Mkono wa Hina kwenye Ubao wa Dastani

Hebu niambie wewe unayesoma, ungefanyaje ukiukuta mkono wa mwanamke umepigwa chapa ya hina juu ya ubao wa mchumba wako, na tangazo la ndoa yenu limeshasomwa kanisani mara mbili, imebaki moja?

Mimi niliushika ule ubao, nikaugeuza, nikaugeuza tena. Ulikuwa wa mninga, mwembamba, umepigwa randa mpaka unateleza. Vidole vitano vimetanuliwa, vidogo, kile cha pete kimepinda kidogo kwenye ncha. Nikaweka mkono wangu juu yake. Wangu ulizidi pande zote, maana nimetwanga tangu nina miaka saba.

"Ethel, unatafuta nini humo?"

Dastani alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda cha mama yake, bado ameshika usukani wa baiskeli.

"Mama yako kanituma mchi. Huu mkono wa nani?"

"Mkono gani?"

"Dastani, una macho mawili kama mimi."

Akausogelea ubao kama mtu anayesogelea nyoka.

"Aa, huo! Nimeuokota karakana. Utakuwa wa fundi mwenzangu."

"Fundi mwenzako anapaka hina?"

"Labda mkewe."

"Mafundi wote wa karakana ni watu wa kanisa letu. Wake zao nachota nao maji. Niambie ni yupi anayepaka hina."

"Mama anangoja mchi, Ethel."

Akauchukua ubao mikononi mwangu, taratibu, akaupandisha darini. Alipoinua mikono niliona kucha zake. Zilikuwa na vumbi jeusi, lile la mpingo. Karakana walitengeneza madawati ya shule na milango, na sijaona mtu anatengeneza dawati la mpingo. Na shati lake lilinukia udi. Mama yake hakuwa mtu wa udi.

Nikapeleka mchi, nikatwanga mtama wa mama mkwe hadi ukawa unga laini kabisa, nikaaga, nikarudi nyumbani.

Hayo yalikuwa Chiungutwa, mwaka wa hamsini na saba, Waingereza bado wapo, korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Baba yangu, Mwalimu Cecil, alimkubali Dastani kwa sababu moja: kazi. Kijana ana mshahara kila mwezi, na jina lake limeandikwa kwenye daftari la karakana. Magita aliyounda jioni kwa masanduku ya chai, nyuzi zake za waya wa breki za baiskeli, baba aliyacheka tu. Aliunda moja, akaligawa bure, akaanza jingine.

"Gita ni la jioni," baba alikuwa akisema. "Mradi asubuhi yuko kwenye randa."

Kesho yake, siku ya Alhamisi, nilichukua chungu cha togwa nikaenda karakana, nikajifanya nampelekea mchumba wangu. Nikamkuta msimamizi, Fundi Marko, anapiga msasa mguu wa dawati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa Mwalimu. Togwa ya nani hiyo?"

"Ya Dastani."

Fundi Marko akaacha kupiga msasa. Akaniangalia, akaangalia chungu.

"Dastani yupi?"

"Baba, kwani mna wangapi?"

"Mwanangu, hapa hatuna hata mmoja. Dastani aliacha kazi tangu mwezi wa sita."

Nilihisi chungu kinateleza, nikakikumbatia.

"Lakini kila asubuhi anapita kwetu na mfuko wa zana! Anamwamkia baba!"

"Basi anapita. Hapa hafiki."

"Anakwenda wapi?"

"Mimi si wa kusema ya watu. Ila Jumamosi nimeshamwona mara tatu anasukuma baiskeli kupanda Newala." Akanyoosha mkono. "Hiyo togwa unairudisha, au niinywe mimi?"

Nikamwachia chungu kizima. Njiani nilikuwa nahesabu: Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Miezi mitano mtu anamwambia baba yangu "nakwenda kazini, shikamoo", na baba anajibu "marahaba, kazi njema". Na huko juu Newala kuna mkono mdogo wenye hina.

Jumamosi nilimwambia mama nakwenda kumjulia hali shangazi. Mama akanitazama sana.

"Shangazi anaumwa nini?"

"Haumwi, mama."

"Basi mwambie apone."

Nikapanda lori la chumvi linalopeleka mizigo dukani Newala. Lilipanda ule mlima likikoroma, tukashuka mara mbili kulisukuma, gauni langu likawa jekundu kwa vumbi. Nilipofika sikupata taabu. Nilimwuliza mama mmoja aliyebeba debe la maji, fundi wa magita akija hapa hufikia wapi.

"Kwa Kibibi, penye hoteli ya chai. Mjane. Fuata harufu ya udi."

Mjane! Nikaifuata ile harufu. Sikubisha hodi. Nilisimama ubavuni mwa dirisha nikasikia sauti ya mwanamke.

"Silitaki!"

"Mama Kibibi, tafadhali."

"Nimesema silitaki. Uzi wa tatu unalia kama mbuzi aliyebanwa. Fungua."

"Nimeshalifungua mara mbili."

"Lifungue ya tatu! Ulipokuwa unachezea masanduku ya chai kwenu, nani alikulaumu? Ulikuwa unajifurahisha. Sasa umeshika kazi ya watu. Mimi nikikaa mbele ya wanawake wa kikundi changu cha nyimbo na gita hili, watacheka nani? Wewe?"

"Watakucheka wewe."

"Na mimi sichekwi. Fungua."

Nikachungulia. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, kanga begani, gita amelipakata kama mtoto mwenye homa. Dastani amechuchumaa mbele yake, patasi mkononi. Uso wake ulikuwa na ile aibu ya mtoto wa shule aliyekosa hesabu. Mtu hawi na uso wa namna hiyo mbele ya hawara.

Nikaingia. Dastani akainuka ghafla, patasi ikaanguka.

"Ethel!"

Mimi nikamwamkia mwenye nyumba kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Umefuata chai au umefuata ugomvi? Chai ipo."

"Naomba uniwekee mkono wako hapa mezani."

Akanitazama, kisha akacheka, akautandaza. Mdogo. Kidole cha pete kimepinda kwenye ncha.

"Kilibanwa na mlango wa lori," akasema. "Umeuona wapi mkono wangu?"

"Kwenye ubao wa mchumba wangu. Kwa hina."

"Mtume! Dastani, hukumwambia?" Akanigeukia. "Mwanangu, siku ile nilikuwa nimepakwa hina ya harusi ya mdogo wangu, haijakauka. Huyu akaja kunipima. Nikamwambia ngoja, hakungoja. Akaniwekea ubao, weka mkono, tanua vidole. Shingo ya gita anaipima kwa mkono wa mpigaji. La marehemu mume wangu, alilorudi nalo kutoka vitani, shingo yake ilikuwa nene, nilikuwa silifikii. Hili nalifikia. Sauti tu ndiyo bado." Akamkazia macho Dastani. "Bado sana!"

Akanipa maji, nusu kikombe, maana Newala maji yalikuwa hayachezewi, akatoka uani akatuacha. Aliuacha mlango wazi makusudi, ili tusisemwe.

"Umeona sasa?" Dastani akasema. Alikuwa anatabasamu, eti amepona. "Hakuna mwanamke."

"Tangu Juni unakwenda wapi asubuhi?"

Tabasamu likaondoka.

"Nani kakuambia?"

"Jibu."

"Shambani kwa mjomba, Lupaso. Nimefunga meza yangu ya kazi huko. Ethel, nisikilize. Kuna watu wanne wameagiza baada ya kusikia habari za gita la Kibibi. Wawili Lindi, mmoja Mtwara bandarini, mmoja hapa hapa. Mpingo naukata mwenyewe, nyuzi naagiza za dukani, si waya wa breki tena."

"Na baba yangu unamwamkia kila asubuhi."

"Angenikataa! Alinipa wewe kwa ajili ya karakana. Nilisema tukishafunga ndoa nitamwambia, akasirike, apoe."

"Tukishafunga?"

"Ndiyo. Kesho ni tangazo la tatu, wiki ijayo harusi, basi."

"Dastani, bora ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningemchukia nikarudi nyumbani. Hili unataka niingie nalo ndani ya nyumba, nami nimwongopee baba pamoja nawe."

"Siku chache tu!"

"Ulisema umeuokota ubao karakana. Ulisema kwa macho makavu. Nitajuaje mwaka ujao ukisema umekwenda Lindi kupeleka gita?"

Akainama, akaiokota patasi.

"Mwambie baba leo," nikasema. "Kabla ya kengele ya kesho."

"Nikishindwa?"

Nikarudi na lori lile lile.

Jioni ile niliketi kibarazani nikichambua mchele, punje moja moja. Baiskeli ya Dastani haikupita. Mama alipita nyuma yangu mara tatu.

"Shangazi yako kapona?"

"Bado, mama."

"Mm."

Kesho yake kanisa lilijaa. Dastani alikaa upande wa wanaume, koti limepigwa pasi, hanitazami. Padre Reginald akafungua kitabu chake, akasoma majina yetu, akafika pale pa siku zote: kama yupo anayejua kizuizi cha watu hawa kufunga ndoa, na aseme. Watu walikuwa wameshaanza kufungua vitabu vya nyimbo, maana pale hakuna aliyewahi kusema.

Nikasimama.

"Padre, mimi ninacho."

Padre akashusha miwani.

"Ethel, mwanangu, bibi arusi ni wewe."

"Ndiyo, Padre. Ninacho."

Mama akadondosha kitabu cha sala. Nyuma yangu kikongwe mmoja akauliza kwa sauti, "Kasemaje? Kasemaje huyo?" Mtoto akacheka, akapigwa kofi.

Baada ya ibada tulikuwa watu watano katika chumba kidogo cha mavazi ya padre: Padre mwenyewe, baba, mama, Dastani na mimi. Baba hakukubali kuketi.

"Ana mke mwingine?"

"Hana, baba."

"Ana mwanamke? Sema usiogope."

"Hana. Nimekwenda mpaka Newala nimemwona niliyemdhania. Hana."

"Mbona unaniaibisha mbele ya wanafunzi wangu? Kizuizi nini?"

"Anakijua yeye. Aseme mwenyewe."

Wote tukamtazama Dastani. Alikuwa anazungusha kofia mkononi. Nilisema moyoni, asiposema sasa nitatoka mlango ule, na sitaolewa naye hata kama nitazeeka hapa nikichambua mchele.

"Baba," akasema, "karakana niliacha."

"Uliacha nini?"

"Kazi. Tangu mwezi wa sita."

"Na asubuhi ulikuwa unanipungia mkono unakwenda wapi?"

"Kuunda magita."

"Magita!" Baba akamgeukia Padre kana kwamba Padre ndiye aliyeyaunda. "Watoto wangu wanakaa chini kwa kukosa madawati, na huyu yuko porini anacheza!"

"Sichezi, baba. Nilicheza miaka sita. Lililolia vibaya nilimpa jirani, nikaanza jingine, hakuna aliyeniuliza. Sasa likilia vibaya linarudi. Mama mmoja Newala amenirudishia mara tatu, na mara zote tatu haki ilikuwa yake."

"Masika barabara ikikatika, atanunua nani? Nyani?"

"Masika nitatengeneza milango."

"Ulikuwa unayo kazi ya milango!"

"Niliacha kwa kuwa mkono wangu uko kwingine. Kosa langu si gita, baba. Kosa langu nilikuamkia kila siku kwa uongo. Nisamehe kwa hilo."

Mama akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Baba Ethel, muulize mwenye kizuizi."

Padre ndiye aliyeniuliza.

"Ethel, bado unacho?"

"Sina tena, Padre. Nilitaka baba ajue kabla sijatoka nyumbani kwake."

"Na kazi yake hii mpya?"

"Sauti bado," nikasema. "Nimesikia mwenyewe. Lakini anarudia mpaka itokee."

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Baba aliketi juu ya sanduku la mishumaa, akimtazama Dastani kama anayemtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

"Kijana," akasema mwishoni. "Mwaka jana ulipokuja na washenga nilikuuliza unataka nini. Ukanijibu unataka kudumu karakana na kupewa binti yangu. Nusu ya jibu ilikuwa yangu, uliniambia nilichopenda kusikia. Leo nakuuliza upya, na Padre anasikia. Unataka nini?"

Dastani akaiweka kofia mezani.

"Nataka kuunda magita, baba. Kuanzia asubuhi, mbele ya nyumba yangu, anayepita barabarani anione. Na nataka Ethel awe ananiambia ukweli kwamba halijalia, kabla mteja hajaniambia."