Plazima ya Tusekile

Katika hospitali kuu ya Mbeya Mpya, Mtenganishi hakujua kuchoka. Mkono wake wa chuma ulichukua damu kidogo ya mgonjwa, ukaizungusha mpaka plazima, yale maji ya manjano ya damu, ikajitenga, kisha ukaisukuma plazima hiyo katika bomba jembamba lililoshindiliwa chembe laini. Humo kila kemikali ilitoka kwa zamu yake, na kiuavijasumu kikajichora kwenye kioo kama kilima. Kilima kikiwa kifupi, Mtenganishi aliongeza dawa kwenye dripu mwenyewe. Kikiwa kirefu, alipunguza. Madaktari walibaki kunywa chai.

Aliyemuunda ni Dokta Tusekile Mwaipaja, mwanamke mwenye akili nyingi na kiburi cha kutosha. Ili Mtenganishi ajue sifuri ni ipi, ilibidi kwanza aonjeshwe plazima isiyo na dawa. Desturi ya maabara ilikuwa wafanyakazi kutoa damu yao kwa zamu, na siku ya uzinduzi zamu ilimwangukia Tusekile. Koo lilikuwa likimuuma. Alikuwa amemeza vidonge vya zolamini, kiuavijasumu kile kile cha wodini, kimyakimya, maana mgonjwa haruhusiwi kuingia maabara naye hakutaka kuikosa siku yake. Akanyoosha mkono, akatoa damu. Alijiambia vidonge viwili vitatu si kitu.

Mtenganishi aliiona dawa ile, akaihesabu kuwa uchafu wa kawaida, na tangu hapo akawa anatoa kiasi hicho kwenye kila kipimo. Mgonjwa wake wa kwanza, Atuganile, mzazi aliyejifungua kwa upasuaji akapata maambukizi, alionekana ana dawa pungufu. Akaongezewa, kisha akaongezewa tena. Zolamini ikizidi huua mishipa ya masikio.

Waswahili husema mficha maradhi kilio kitamfichua. Safari hii kilio kilikuwa cha kichanga.

"Dokta, mtoto wa Atuganile analia pale pale ubavuni kwake," muuguzi Gwantwa alimwambia Tusekile, "na mama hageuki."

Tusekile alikumbuka vidonge vyake. Alimwomba Gwantwa damu, akamuuliza mara kadhaa kama hakumeza dawa yoyote, akampa Mtenganishi sifuri mpya. Alipopima tena plazima ya Atuganile, kilima kilijaa kioo kizima. Alikimbilia wodini akaifunga dripu kwa mkono wake.

Mkuu wa hospitali, Dokta Ambakisye, alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Tuseme mashine imekosea, dada yangu. Mashine haifungwi jela."

Tusekile aliona aibu, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshakubali. Alitoka ofisini. Alitembea polepole mpaka kitandani kwa Atuganile, akaketi. Homa ilikuwa imemtoka yule mama, na uso wake ulikuwa umechangamka.

"Mama, mashine haina kosa," Tusekile alisema. "Nilimeza dawa nikaficha. Ni mimi niliyekuharibia masikio."

Atuganile alimwinamia, akatabasamu.

"Sema kwa nguvu, dokta. Siku hizi mbona wote mnanong'ona?"

Tusekile alirudia. Alipaza sauti mpaka wodi nzima ikasikia, isipokuwa Atuganile.