Jirani wa Nakonde

"Nimechoka. Msinitafute. Asanteni kwa yote."

Meseji hiyo iliingia kwenye grupu letu la WhatsApp mchana kweupe, mimi niko sokoni Tunduma nauza vitenge.

Aliyeituma tulimjua kwa jina moja tu. Jirani.

Ngoja niwaeleze, wapendwa. Mwaka 2014 nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki. Nikawa sili, silali, sitaki kuona mtu. Nesi Teresia akaniunga kwenye grupu la wazazi waliofiwa kama mimi. Wengi tulitumia majina ya bandia.

Mume wangu Aliko, wakala wa forodha pale mpakani, sikumwambia habari za grupu. Tangu tuzike hakuwahi kulia mbele yangu. Nikajua keshasahau.

Jirani ndiye aliyenishika mkono, kila siku kwa meseji.

"Leo umeoga?"

"Bado."

"Basi lia kwanza. Hakuna anayekuona."

Na sasa anaaga...

Nikapiga. Haipatikani. Grupu zima tunapiga, haipatikani. Namba ilikuwa ya Zambia, nikaacha vitenge vyangu, nikavuka mpaka mbio hadi Nakonde, upande wa pili.

Lakini namtafuta nani? Sura siijui. Jina silijui. Nikabaki katikati ya malori nalia, kila mwanamke anayepita namkazia macho.

Simu ikaita. Teresia.

"Elina, uko wapi?"

"Nakonde. Namtafuta Jirani."

"Rudi. Nenda ofisini kwa mumeo."

"Nikafanye nini, dada? Mtu anakufa huku..."



"Jirani ni Aliko. Hiyo namba ya Zambia ni laini yake ya pili. Nilimwahidi kutunza siri yake, mdogo wangu. Nimeshindwa."

Nikageuka, nikavuka mpaka kurudi mbio.

Nilimkuta Aliko amekaa sakafuni stoo. Mzima. Raphaeli, mwenzake wa kazi, alishapigiwa na Teresia, akavunja mlango. Alikuwa bado amemshikilia.

Nikapiga magoti.

"Aliko, yule uliyemwambia alie... ni mimi."

Akaniangalia.

"Kumbe ni wewe?"



Alilazwa Mbeya. Ameruhusiwa, anatumia dawa, na grupu halijamwacha. Lakini sitawadanganya. Kuna siku anashinda anaangalia ukuta, nami sina la kufanya zaidi ya kukaa pembeni yake.

Nilivuka mpaka kumtafuta mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Ndugu zangu, asiyelia naye amefiwa. Muulizeni.