Ukurasa wa Mama Mukarurangwa

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na jua la asubuhi lilianza kukausha matope mjini Baraka. Merveille, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akifagia uwanja. Mama yake, Rosette, alikuwa amemaliza sala na sasa alichemsha chai huku daftari likiwa mapajani.

Mama Rosette alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kila jioni, baada ya kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, alikwenda chuo kikuu, katika idara ya masomo ya jinsia. Huko walijifunza jinsi wanawake na wanaume wanavyogawana kazi, na nani anasikilizwa nyumbani. Mwaka huo alikuwa ameandika utafiti juu ya kazi za akina mama kumi na wanane.

Simu ililia. Alikuwa Profesa Casimir, mwalimu wake, na sauti yake ilisikika mpaka uwanjani.

"Mama Rosette, kazi yako ni moja kati ya mbili zinazoshindania Tuzo ya Heshima ya idara," alisema. "Walimu wamependa sana ukurasa wa Mama Mukarurangwa, yule anayekamua ng'ombe kabla watoto hawajaamka. Ijumaa uje naye, tumsikie."

Mama Rosette alipiga magoti palepale kumshukuru Mungu. Élie, mdogo wake Merveille, alivaa sufuria kichwani.

"Mama atavaa kofia ya wasomi," alisema. "Sasa mihogo atapika nani?"

"Wewe, tena kuanzia leo," Mama alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Merveille hakucheka. Mwezi wa Machi, Mama alipokuwa na malaria, alimtuma na karatasi ya maswali kwa Mama Mukarurangwa. Njia ilikuwa mbaya, naye akachoka. Akakaa barazani kwa rafiki yake, akajaza majibu yote mwenyewe. Hakuwahi kuona mtu akikamua ng'ombe. Lakini kwao karibu kila kazi ilifanywa na Mama, kwa hiyo aliandika kwamba hiyo nayo ni kazi ya Mama.

Baada ya shule alikwenda haraka pembezoni mwa mji. Huko ndiko Mama Mukarurangwa alikohamia na familia yake kutoka milimani, wakiwa na ng'ombe watatu.

"Shikamoo, Mama," Merveille alisema. "Nakuomba, Ijumaa useme kwamba wewe ndiye unayekamua ng'ombe."

Mama Mukarurangwa alimtazama, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mimi nikamue? Mutoto wangu, kwetu wanaume ndio wanakamua. Nikisema hivyo, hata ng'ombe watanishangaa. Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliandika mwenyewe."

Mama Mukarurangwa aliacha kucheka. "Sasa unataka nikusaidie kudanganya, juu ya ng'ombe wangu mwenyewe? Hapana. Rudi kwa mama yako umwambie."

Merveille alirudi polepole. Alimkuta Mama akipiga pasi nguo ya Ijumaa, akamweleza yote. Mama aliweka pasi kando. Alifumba macho, midomo ikisema maneno ya sala.

"Mama, utakosa tuzo kwa sababu yangu," Merveille alisema akilia.

"Labda," Mama alijibu. "Na mimi nilikosa. Niliweka jina langu juu ya kitu nisichokihakikisha. Twende kwa Profesa. Utasema wewe, mimi nitasimama kando yako."

Profesa Casimir alisikiliza bila kumkatiza mtoto.

"Ondoeni ukurasa huo," alisema mwishowe. "Mama, nenda umwulize mwenyewe, uandike upya. Walimu watasoma kazi yote tena, na kule kwa akina mama wengine nitapita mwenyewe kuhakikisha majibu yao. Tuzo siwezi kuwaahidi."

Kesho yake Mama Rosette na Merveille walikwenda pamoja. Waliuliza, wakasikiliza, wakaandika.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mama Mukarurangwa alisimama, akasomewa ukurasa wake mpya: "Mume wangu anakamua. Lakini maziwa yakiingia nyumbani, ni mimi ninayeamua nani atakunywa na kiasi gani. Hata yeye ananiomba." Watu walicheka na kupiga makofi. Mume wake, aliyekaa nyuma, alitikisa kichwa kukubali.

Tuzo ilikwenda kwa Nadège, mwanafunzi kutoka Makobola. Mama Rosette alipata cheti cha nafasi ya pili. Alikipokea akicheza, na Élie akapiga miluzi mpaka akanyamazishwa.

Kisha Profesa Casimir alimwita Merveille mbele.

"Kwa muda mrefu watu wamesema kwa niaba ya wanawake bila kuwauliza," alisema. "Ndiyo maana tunasoma masomo haya. Merveille, hata wewe ulimsemea Mama huyu. Uongo wako ulipendeza kuusoma, lakini ulimnyang'anya maneno yake. Ulipokiri, ulimrudishia. Kukiri ni kazi ngumu, na uliiweza."

"Basi aahidi hapa, tusikie wote," alisema Mama Mukarurangwa.

Merveille alimtazama mama yake, kisha watu wote, akasema kwa sauti:

"Mbele ya Mungu, mbele ya Mama yangu na mbele yenu wote, ninaahidi: sitaandika tena maneno ya mtu kabla sijafika kwake na kumsikia."